Nani alimhitaji nani? Pijini za Kirusi na watu waliozifinyanga

Mrusi yeyote, hata ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa wake, anaijua sentensi hii: moya tvoya ne ponimay. Huitumia kwa utani kusema "sikuelewi", na mara nyingi utani wenyewe una kejeli ndani yake, maana anayeigizwa ni mgeni: mchuuzi wa Kichina, au kibarua kutoka Asia ya Kati. (Kwa herufi za Kilatini wengi huandika moja na tvoja, nimetia y ili msomaji asiichanganye na moja yetu ya kuhesabia.) Neno kwa neno ni "yangu yako si elewa", na hiyo "elewa" ni ya kuamrisha, kama unavyomwambia mtu "Elewa!"

Wengi hudhani hicho ni Kirusi kibovu cha kubuni, cha kuchekeshea watu jukwaani. Sivyo. Ni salio la lugha iliyokuwa na kanuni zake, ambayo watu walikaa chini wakajifunza, wakaiandikia vijitabu, wakafanyia biashara ya mali nyingi kwa zaidi ya karne moja. Na haikuwa peke yake. Kirusi kilizaa pijini kadhaa kwenye kingo za dola: kaskazini ya mbali kwenye bahari ya Norwe, kusini mwa Siberia kwenye mpaka wa China, katika misitu ya Mashariki ya Mbali, na kwenye tundra ya Taimyr ambako miti haioti. Katika zote hizo Kirusi kilikuwa kile kile, ila sarufi zilizotoka hazifanani. Tofauti kubwa ilikuwa kwa watu: nani alimfuata nani, nani alikuwa na njaa na nani alikuwa na unga, walikutana mara ngapi kwa mwaka, na kama jioni walirudi kila mtu kwake au walilala nyumba moja.

Pijini, kwa ufupi, ni lugha inayotokea pale watu wasio na lugha ya pamoja wanapolazimika kuelewana kuhusu mambo machache, tena mara kwa mara. Haina wazawa. Kila anayeizungumza ana lugha nyingine ya kuotea ndoto. Kwa sababu hiyo inabeba kile tu kinachohitajika kwa shughuli, na Kirusi ni lugha yenye mengi ya kutupwa: nomino zake hubadilika mwisho kwa kufuata uhusika, yaani kazi ya neno katika sentensi, na uhusika uko wa namna sita; kuna jinsia tatu za nomino; karibu kila kitenzi kina pacha wake, mmoja wa tendo linaloendelea na mwingine wa tendo lililokamilika. Yote hayo huanguka mapema. Swali la kuvutia ni nini kinachookotwa kujaza nafasi.

Samaki kwa unga

Tuanzie kaskazini, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikuwa ya haki kuliko kwingine. Tangu katikati ya karne ya 18, kila majira ya kiangazi, Warusi wa pwani ya Bahari Nyeupe, wanaoitwa Wapomori, walipanda mashua zao kutoka upande wa Arkhangelsk wakaelekea Norwe ya kaskazini, kwenye bandari kama Vardø, Hammerfest na Tromsø. Walileta unga, hasa wa rai, nafaka inayovumilia baridi, pamoja na mbao na bidhaa nyingine. Walirudi na samaki. Wanorwe wa huko walikuwa na samaki hadi wa kutupa wakati wa joto, ila ardhi yao haioteshi nafaka ya kutosha. Warusi walikuwa na nafaka, na dini yao iliwawekea siku nyingi za mfungo zisizoruhusu nyama, kwa hiyo samaki kwao ilikuwa bidhaa ya lazima. Hakuna aliyemtawala mwenzake. Mvuvi wa Norwe hakuwa kibarua wa Mrusi, wala Mrusi hakuwa mtumishi wa Mnorwe. Kila mmoja alimhitaji mwenzake kwa kiasi kile kile, kwa wiki chache, kisha bahari ikachafuka na kila mtu akaenda kwao.

Lugha iliyozaliwa hapo wanaisimu huiita Russenorsk. Wenyewe walikuwa na jina tamu zaidi: moya på tvoya, yaani kitu kama "yangu kwa yako", nikizungumza kwa namna yako. Mwanaisimu Olaf Broch aliyechapisha maandiko yake mwaka 1927, wakati lugha yenyewe imeshazimika, alikuta msamiati wa maneno mia chache tu. Karibu asilimia 47 yalitoka Kinorwe na karibu asilimia 39 Kirusi. Yaliyosalia yalikuwa ya Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani cha pwani, Kisami na kwingineko, kama ilivyo kawaida ya lugha ya mabaharia.

Mgawanyo huo ni wa ajabu kwa anayezijua pijini za dunia. Nyingi huchukua sehemu kubwa kabisa ya maneno kutoka lugha ya mwenye nguvu, na maneno ya wengine huwa machache ya kutafuta kwa tochi. Hapa tunakuta karibu nusu kwa nusu. Hata kukanusha kuliwezekana kwa njia mbili, kwa njet ya Kirusi au ikke ya Kinorwe, na hakuna aliyekasirika. Kuna taarifa kwamba kila upande uliamini unazungumza lugha ya mwenzake: Mnorwe alidhani anaongea Kirusi, Mrusi akidhani anaongea Kinorwe. Mimi huona hicho ndicho kipimo bora cha usawa. Hakuna aliyejihisi amenyenyekewa, na hakuna aliyejihisi amejishusha.

Lakini usawa haukuishia kwenye maneno. Tazama kihusishi på. Kinorwe kina på, kinachotamkwa karibu na "po", na maana yake ya kwanza ni "juu ya". Kirusi nacho kina po, chenye maana chungu nzima, "kwa kufuata", "kupitia", na kadhalika. Sauti moja, pande zote mbili, na maana zinazogusana pembeni. Russenorsk ilikipokea hicho kikawa kihusishi cha kila kazi: mahali, kuelekea, wakati, hata umiliki. Klokka på ju ni "saa yako", kwa maana ya saa ya mkononi au ya mfukoni. På moya stova ni "nyumbani kwangu". Uhusika wote sita wa Kirusi na vihusishi vyote vya Kinorwe vilibebwa na kisilabi kimoja ambacho hakuna aliyelazimika kujifunza, maana kila mtu alikuwa nacho tayari. Watu wawili wasiotaka kupeana ushindi hukimbilia pale wanapokubaliana bila kujua.

Vitenzi navyo vilipata alama yao, -om. Kopom ni kununua, drikkom ni kunywa, robotom ni kufanya kazi. Moya kopom fiska: mimi nanunua samaki. Mmoja akishindwa kufuata, alisema kak sprek, moya njet forsto, yaani "unasemaje, sielewi", na ndani ya sentensi hiyo fupi kak na njet ni za Kirusi, sprek na forsto ni za Kinorwe. Hiyo -om imewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Wapo wanaoifuatilia hadi Kiingereza cha pijini cha mabaharia, kinachotia -um kwenye vitenzi. Wapo wanaoipeleka kwenye umbo la Kirusi la "sisi", linaloonekana kwenye poydyom, "twende". Sitasema kesi hiyo imefungwa. Ila maelezo ya pili yananivuta, maana ya kuanza nayo ni "tufanye", maneno ya watu wanaopatana bei, na hilo linakwenda sambamba na kila kitu kingine tunachokijua kuhusu bandari zile.

Tena usawa huo haukudumu. Kufikia katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wakubwa wa Norwe walikuwa wameanza kupeleka vijana wao Arkhangelsk wakajifunze Kirusi sanifu. Mikataba ikawa mikubwa, mikopo ikaingia, na mtu mwenye mkataba wa maandishi hawezi kutegemea på moja kwa kila kitu. Russenorsk ikabaki kwa wavuvi, ikaanza kuonwa kuwa lugha ya watu wa chini. Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yaliipiga biashara yenyewe, na ndani ya miaka michache lugha ikakosa pa kuzungumzwa. Haikuacha wazawa, pijini isipokuwa na kazi hufa siku ile ile kazi inapokwisha.

Mji ambako Mchina alilazimika kujifunza

Mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727 uliweka mpaka kati ya dola ya Urusi na dola ya Qing ya China, na uliruhusu biashara kwenye sehemu maalumu, kubwa kuliko zote ikiwa Kyakhta, kusini mwa ziwa Baikal. Upande wa Urusi kulikuwa na Kyakhta yenyewe. Hatua chache kuvuka mstari kulikuwa na Maimaicheng, mji wa wafanyabiashara wa Kichina, katika nchi ambayo leo ni Mongolia. Warusi walileta ngozi za wanyama wenye manyoya. Wachina walileta chai, mingine ikiwa imeshindiliwa ikawa matofali, na matofali hayo yalitumika kama fedha kwa watu wa nyanda zile.

Hapa nako kulikuwa na usawa wa namna yake, maana dola mbili kubwa zilikuwa zikiangaliana. Lakini mzigo wa lugha ulikuwa wa upande mmoja. Cherepanov, aliyeandika kuhusu lugha hiyo mwaka 1853, alieleza kwamba wakuu wa China walimtaka mfanyabiashara ajifunze Kirusi kabla ya kuruhusiwa kufanya biashara, ili Warusi wasipate sababu ya kujifunza Kichina na kuchungulia siri za nchi. Vitabu vya kujifunzia vilikuwepo, maneno ya Kirusi yakiandikwa kwa herufi za Kichina.

Fikiria matokeo yake. Herufi moja ya Kichina ni silabi nzima. Haiwezi kuandika konsonanti mbili au tatu zilizobanana, na Kirusi kimejaa hizo. Kwa hiyo irabu ziliingizwa katikati, na kilichofundishwa mjini Maimaicheng kilikuwa tayari Kirusi kilichopita kwenye chujio la Kichina. Mwanafunzi hakumsikiliza Mrusi kwanza. Alimsikiliza mwalimu Mchina, aliyejifunza kwa Mchina mwingine. Pijini ikawa na mtaala. Hilo ni jambo nadra, na linaeleza kwa nini lugha hii ilikuwa thabiti kuliko tunavyotegemea kwa lugha ya sokoni, ikasafiri na kudumu muda mrefu kuliko mji uliokuwa kitovu chake.

Msamiati ukawa wa Kirusi karibu wote. Tofauti na Norwe, hapa hakuna nusu kwa nusu, maana ni upande mmoja tu uliofanya kazi ya kujifunza. Lakini mpangilio wa sentensi haukufuata Kirusi. Kitenzi kilipelekwa mwishoni, kama zifanyavyo Kimongolia na lugha za Kitungusi za jirani, na kama inavyokuwa rahisi ukianza na kitu unachokiuza ndipo ukaeleza kinachofanyika. Kanuni hii huonekana kwingi: anayejifunza huchukua maneno ya mwenzake, ila huyapanga kwa mkono wake mwenyewe.

Vitenzi vilichukuliwa katika umbo la kuamuru. "Nunua", "sema", "elewa", kwa kila nafsi. Kuonyesha wakati, zilitumika alama za nje: byla kwa jambo lililopita, budu kwa litakalokuja. Kuna pia kipande -la kilichobandikwa nyuma ya kitenzi kuonyesha tendo limekwisha. Kirusi kina -la kwenye vitenzi vya wakati uliopita vya jinsia ya kike. Kichina kina kipashio le kinachofuata kitenzi kuonyesha kukamilika. Mtindo ni ule ule wa på ya Norwe: pale lugha mbili zinapogongana kwa bahati, hapo ndipo pijini hujenga nyumba.

Kwa nini kuamuru? Jibu jepesi ni kwamba mwenye nguvu huamuru, na aliye chini hujifunza kile anachoambiwa. Msomaji wa Kenya ana mfano karibu, Kisetla cha mashamba ya walowezi, ambako "mimi hapana jua" ilitosha kuwa sentensi kamili na viambishi vya nafsi viliachwa mlangoni. Lakini Kyakhta haikuwa shamba la mlowezi. Mfanyabiashara wa Maimaicheng hakuwa akipokea amri za Mrusi. Mara nyingine ndiye aliyekuwa tajiri zaidi. Nadhani jibu ni la kawaida zaidi, na lina upande wa Warusi wenyewe. Watu wa kila lugha wana namna ya kuzungumza na mgeni wanayedhani hataelewa: hukata maneno, hupaza sauti, hurudia. Warusi, katika hali hiyo, huelekea kwenye kuamuru, maana ni umbo fupi na la wazi, lisilohitaji kuchagua nafsi. Mgeni anasikia hilo mara mia na kulichukua kuwa ndiyo kitenzi chenyewe. Amri bila shaka ilikuwepo, hasa baadaye kwenye misitu na reli, lakini si lazima bwana na mtumwa wawepo ndipo umbo hilo lishinde.

Msituni, kwa mwindaji

Kutoka Kyakhta lugha ilielekea mashariki. Urusi ilipochukua bonde la Amur na nchi ya Ussuri miaka ya 1858 na 1860, ilikuta humo Wananai, Waudege na watu wengine wa lugha za Kitungusi, pamoja na wakulima, wawindaji na wachimba jinseng, mzizi wa dawa, wa Kichina. Baadaye, kuanzia mwaka 1898, reli ya Mashariki ya China ilipojengwa kupitia Manchuria, mji wa Harbin ukaota, na pijini ikapata mitaa, maduka na jikoni za kuzungumzwa.

Ushahidi maarufu zaidi unatoka msituni. Mpelelezi Vladimir Arsenyev, aliyesafiri nchi ya Ussuri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika maneno ya mwongozaji wake, mwindaji Mnanai Dersu Uzala. Dersu husema moya ponimay netu, "sielewi". Linganisha na ile sentensi ya utani niliyoanza nayo. Katika utani kikanushi ne kiko mbele ya kitenzi, kama Kirusi sanifu. Kwa Dersu, netu, yaani "hakuna", imekuja nyuma. Anayetania leo amesahihisha pijini bila kujijua, akairudisha kwenye mpangilio wa Kirusi. Mtu wa msituni alikuwa na kanuni yake: taja jambo kwanza, kisha sema lipo au halipo. Kirusi chenyewe kinaruhusu hivyo kwa vitu, unaposema fedha netu. Pijini iliisambaza kanuni hiyo hadi kwenye matendo.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mwanaisimu wa Marekani Johanna Nichols, akichunguza maandiko ya pijini hii, alionyesha kwamba ilikuwa na alama inayohusu chanzo cha habari, yaani ikiwa msemaji anatoa jambo kwa kukisia kutokana na dalili. Kirusi sanifu hakina alama kama hiyo ya kisarufi. Tumezoea kuambiwa pijini ni lugha iliyopunguzwa, na hii hapa imeongezewa kitu ambacho lugha mama yake haina. Mtu anayesoma nyayo kwenye theluji na kusema nani amepita, lini, na akiwa amechoka au la, anahitaji kutofautisha alichoona na alichokisoma kwenye dalili. Siwezi kuapa kwamba uwindaji ndio uliozaa alama ile, lakini lugha hukua upande ule inakotumiwa zaidi.

Watu wa huko hawakuwa na Kirusi kingine cha kulinganisha. Shule zilikuwa mbali. Pijini ndiyo iliyokuwa lugha ya Mnanai kwa Mchina, ya Mchina kwa Mrusi, na wakati mwingine ya Mwudege kwa Mnanai. Lugha inapokuwa na pande tatu au nne, si rahisi kwa mmoja kuirudisha kwake, na hapo kanuni hukomaa. Kilichokuja kuimaliza ni siasa: miaka ya 1937 na 1938 dola ya Sovieti iliwakamata na kuwahamisha Wachina kutoka Mashariki ya Mbali, na mzungumzaji mmoja mkuu akatoweka mezani.

Neno "mahali" linapofanya kazi ya uhusika

Rasi ya Taimyr iko juu kabisa ya Siberia. Huko kulizuka govorka, ambayo maana yake ni "mazungumzo" tu. Waliiongea Wanganasani, Wadolgani, Waenetsi na Waevenki, pamoja na Warusi wachache waliokuwa wakiishi kwenye njia ya kutoka Dudinka kwenda Khatanga.

Jambo la kukumbuka kuhusu Warusi hao ni kwamba hawakuwa mabwana wa mtu. Walikuwa wakulima na wawindaji waliosukumwa nyuma ya tundra, ambako hakuna kinacholimika, na vizazi kadhaa baadaye wengi wao walikuwa wakizungumza Kidolgani, lugha ya ukoo wa Kituruki, kama lugha yao ya nyumbani. Kwa hiyo govorka ilipopamba moto haikuwa hasa lugha ya kuzungumza na Warusi. Mnganasani aliitumia kumwambia Mdolgani kuhusu kulungu waliopotea. Kirusi kilikuwa kimeacha maneno yake kisha kikaondoka, na mwenye maneno hakuwepo wa kusahihisha.

Pale Kirusi hutumia uhusika na vihusishi, govorka ilichukua nomino mesto, "mahali", ikaiweka nyuma ya neno lingine. Menya mesto, ambapo menya ni umbo la Kirusi la "mimi" linalotumika pale ninapotendewa, likawa na maana ya kwangu, kwangu mimi, kutoka kwangu, kulingana na sentensi. Neno moja, mahusiano mengi, kama på ya Russenorsk. Tofauti ni upande: på hukaa mbele, maana Kinorwe na Kirusi vyote viwili huweka vihusishi mbele. Mesto hukaa nyuma, maana lugha za Kisamoyedi (za Wanganasani na Waenetsi), Kituruki na Kitungusi zote huweka alama za aina hiyo nyuma. Kila pijini ilijibu swali lile lile la "vitu hivi vinahusianaje?" kwa neno moja la bei nafuu, na mahali pa kuliweka pakaamuliwa na wengi waliokuwa wakizungumza. Kwa upande wa viwakilishi pia, govorka haikuchukua moya na tvoya za mipakani kwingine. Ilichukua menya na tebya, hiyo ya pili ikiwa umbo la "wewe" la namna hiyo hiyo.

Shule za bweni za wakati wa Sovieti zilileta Kirusi cha darasani, na govorka ikabaki midomoni mwa wazee.

Kisiwani, ndani ya ndoa

Kuna mfano mmoja unaonyesha, kwa kinyume chake, pijini ni nini. Visiwa vya Komanda viko mashariki mwa Kamchatka. Kampuni ya Kirusi-Kimarekani, iliyopewa hati mwaka 1799, iliwahamishia huko Waaleuti mwanzoni mwa karne ya 19 ili wawinde fisi maji na sili kwa ajili ya ngozi. Wanaume wa Kirusi walioa au waliishi na wanawake wa Kialeuti, na watoto wao wakawa tabaka lenye jina na haki zake katika himaya ya kampuni. Kwenye kisiwa cha Mednyi walizalisha lugha ambayo wanaisimu bado wanaitazama kwa mshangao.

Nomino ni za Kialeuti, na viambishi vyake vya Kialeuti. Mizizi ya vitenzi mingi ni ya Kialeuti. Lakini miisho ya vitenzi vyenye wakati na nafsi ni ya Kirusi, kwa ukamilifu. "Nimekaa" ni unguchiyu, "umekaa" ni unguchiish, "amekaa" ni unguchiit: mzizi unguchi ni wa Kialeuti, na -yu, -ish, -it ni zile zile anazofundishwa mwanafunzi wa Kirusi wiki ya kwanza.

Huwezi kuazima kitu kama hicho sokoni. Mtu anayepata Kirusi kwa kukata maneno na kuonyesha vidole hafiki kwenye miisho ya nafsi. Ndiyo hiyo inayoanguka kwanza Kyakhta na Vardø. Aliyeunganisha mzizi wa Kialeuti na mwisho wa Kirusi alizijua lugha zote mbili vizuri. Alikuwa na baba wa huku na mama wa kule, na labda alikuwa na haja ya lugha isiyo ya baba wala ya mama, bali ya watu wa namna yake. Hiyo si pijini. Ni lugha mseto, na imetokana na kujua kupita kiasi, si na kujua kidogo. Wakazi wa Mednyi walihamishwa kwenda kisiwa jirani cha Bering mwishoni mwa miaka ya 1960, na lugha ikafifia pamoja na wazee wao.

Ambapo nadharia inakwama

Nikiishia hapo msomaji atadhani ukijua mahusiano ya watu umeshaijua sarufi. Basi moya na tvoya zinavuruga hesabu. Vardø ni usawa wa wavuvi na Maimaicheng ni mji wa mikataba ya kidola, umbali wa maelfu ya kilomita, na pote "yangu" imekuwa "mimi". Wapo wanaosema Wapomori wenyewe, waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia Siberia, waliibeba tabia hiyo. Wapo wanaosema ni desturi ya Warusi ya kuongea na mgeni, ya zamani kuliko pijini zote mbili, na kila mgeni aliipokea kwa wakati wake. Mimi naegemea la pili, kwa sababu ya Taimyr: palipokuwa na Warusi wachache wa kuwakatia wageni maneno, moya haikushika.

Leo mpaka wa Zabaikalsk, mji wa Urusi, na Manzhouli, mji wa China, umejaa tena. Tangu miaka ya 1990 wanunuzi wa Kirusi wanavuka kununua nguo na vyombo, na wauzaji wa Kichina ndio wanaojifunza lugha, kama mababu wa Maimaicheng. Masikioni mwa anayepita sokoni, baadhi ya maumbo ni yale yale: kitenzi cha kuamuru, nafsi zilizoachwa. Lakini haigandi ikawa lugha. Muuzaji ana simu yenye tafsiri, mwanawe yuko chuoni akisomea Kirusi, na akijua vizuri zaidi anauza zaidi, kwa hiyo kila kosa lina sababu ya kusahihishwa. Kibarua wa Kiuzbeki anayeezeka paa huko Moscow yuko katika hali hiyo hiyo kwa njia nyingine: wanaomzunguka ni Warusi kwa mamilioni, karatasi zake ni za Kirusi, mtihani wa lugha unamsubiri kabla ya kibali cha kazi. Anachozungumza ni hatua ya njiani kuelekea Kirusi, na kila mmoja ana hatua yake. Hakuna wawili wanaokosea kwa kanuni moja.